Wewe wa Hapa

Utoto wangu wote nimekula mwisho. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapokutana na watu wanaomsifu bibi yangu, na ni wengi, kuanzia vitongoji vya juu mpaka sokoni Mkuyuni, huwa wananiambia nina bahati. Mtu mzima na mvi zake ananishika mkono, machozi yanamlengalenga, ananiambia, "Bibi yako ndiye aliyenilea mimi. Mama akishuka sokoni ananiacha kwake. Na chakula kikiiva alikuwa ananipa mimi kwanza, kabla ya wote!" Natabasamu, nasema tumshukuru Mungu. Moyoni nasema, najua alikupa kwanza. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa pembeni ya jiko nakutazama unavyotafuna.

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake. Kwetu Waluguru habari za ukoo zina wenyewe, na wenyewe ni wajomba. Nikikosea jina moja tu nitaitiwa kikao. Halafu hata nikizieleza hazitakusaidia kitu. Ukitaka kumjua bibi yangu, ilibidi umwone wakati wa kupakua.

Nyumba yake iko mlimani juu ya Mkuyuni, pale njia ya miguu inapopinda kabla ya kuanza kuteremka kwa ukali. Wanawake wote wa vitongoji vya juu hupita uani kwake alfajiri wakienda sokoni, wana mikungu ya ndizi, magimbi na mafurushi ya mdalasini kichwani. Mteremko ule huwezi kuuteremka na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, hasa mvua ikiwa imenyesha na udongo umekuwa utelezi. Nadhani kuna mmoja aliwahi kumwomba amshikie mtoto mpaka jioni, mwingine akaona, na tangu hapo uani kwa Bibi hapakukosa watoto wa watu. Mimi nilipoanza kupata akili nilikuta hali iko hivyo, nikadhani kila bibi duniani ana kundi la watoto wasio wake.

Nami niliachwa pale na mama yangu, aliyekuwa Gairo akinunua mahindi na karanga na kuziuza. Alikuja Krismasi, alikuja Pasaka, miaka mingine hakuja. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nilikuwa mtoto wa kuachwa kuliko wote pale, maana mama za wenzangu walirudi jioni. Bibi hakuliona hivyo hata siku moja. Alikuwa na neno lake moja la kunifunga mdomo kwa kila jambo.

"Bibi, nina njaa."

"Subiri wenzako wapate. Wewe wa hapa."

Maji ya kuoga yakipashwa moto, wanaanza wao. Wa hapa anaoga yaliyobaki, yameshapoa. Mkeka ukiwa mdogo, wa hapa anakaa chini. Padri akileta pipi, wa hapa ndiye mgawaji, na mgawaji akimaliza kugawa anabaki anaramba vidole. Nikilalamika, Bibi ananitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemwuliza kwa nini mvua inanyesha kutoka juu.

Kwenye chakula alikuwa na utaratibu ambao hakuukosea hata siku alizokuwa na homa. Aliyekuja kwa mara ya kwanza ndiye anayepakuliwa kwanza, hata kama ni mkubwa na jirani yake ni mchanga anayelia. Kisha anayetoka kitongoji cha mbali zaidi. Kisha wa karibu. Baada yao Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye hakuolewa akabaki na Bibi mpaka leo. Mwisho mimi. Bibi mwenyewe alikula nami sahani moja, lakini hilo halikunifariji, kwa sababu alimega tonge mbili tatu, akanisukumia sahani na kuanza sala ya baada ya chakula nikiwa bado natafuna.

Na baada ya mwisho kulikuwa na ukoko. Wakati watoto wa watu wanakula, Bibi alikuwa anairudisha sufuria juu ya makaa yanayokaribia kuzimika, anaifunika, anaiacha hapo mpaka ukoko uachie wenyewe. Halafu anaubandua mzima, wa rangi ya kahawia, anaunyunyizia chumvi kidogo, ananikabidhi. "Haya, wako huu." Wenzangu wananitazama, wameshiba ugali laini na mboga ya kunde, mimi natafuna kilichogandia kwenye sufuria. Nakubali ulikuwa mtamu. Siku za wali wa nazi ulikuwa mtamu sana. Lakini mimi sikuwa nalalamikia utamu, nilikuwa nalalamikia foleni.

Kazi yake aliijua, hilo siwezi kumnyima. Mama akimleta mtoto kwa mara ya kwanza, Bibi alimwambia avue kanga aliyojifunga, aiache, ajifunge nyingine ndipo ashuke. Ukimletea kanga safi iliyokunjwa aliikataa. "Niachie hiyo uliyolalia," alisema, na mwanamke anavua huku akicheka kwa aibu. Kanga zile alizitundika kwenye kamba nyuma ya nyumba. Mtoto akianza kumlilia mama yake kwa kile kilio kisichobembelezeka, Bibi hakuhangaika kumwimbia wala kumrusha juu. Alikwenda kwenye kamba, akaishusha kanga ya mama yule, hakukosea hata mara moja ipi ni ya nani, akamfunika nayo. Mtoto ananusa, anahema, ananyamaza. Nimeliona hilo mara nyingi mno, na hata sasa sijui ni nani aliyemfundisha.

Siku moja nilimwuliza kwa nini kanga ya mama yangu haipo kwenye kamba.

"Ile kamba ya watoto wanaongoja kurudi kwao," alisema. "Wewe wa hapa. Urudi wapi?"

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikazihesabu zile kanga moja moja.

Haikupita muda mrefu, Jumapili moja Bibi akiwa kanisani, nikazishusha kanga zote, nikazipeleka mtoni, nikazifua kwa sabuni ya mche. Nilizipiga juu ya jiwe mpaka maua yake yakang'aa upya, nikazianika kwa mpangilio wa rangi. Nilitegemea sifa. Kesho yake, jua lilipoanza kupanda, mtoto wa kwanza alilia, Bibi akashusha kanga, akamfunika. Mtoto akainusa, akaitupa, akaongeza sauti. Wa pili akaanza, wa tatu akaitikia. Mchana wote uani palikuwa na msiba. Bibi akashika kanga moja akainusa, akashika nyingine akainusa.

"Nani amefua hizi?"

"Mimi, Bibi. Zilikuwa zinanuka."

"Zilikuwa zinanuka mama zao," alisema, akakaa chini palepale, watoto wamemzunguka wanalia, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui afanye nini.

Wako watu, na Mama Mdogo ni mmoja wao, wanaosema mpaka leo kwamba nilifanya vile kwa wivu. Mimi nasema zilikuwa zinanuka.

Katika dini alikuwa Mkatoliki wa kufa na kupona, lakini kwa mwendo wake mwenyewe. Rozari aliisali akitembea, akichambua mboga, akimwosha mtoto masikio. Alikatisha Salamu Maria katikati, akamfokea mtu anayepanda mti wa mfenesi, akairudia pale alipoiachia bila kubadili sauti, hata ukiwa mbali ulishindwa kujua lipi ni la Mungu na lipi ni la mtoto. Jumamosi mchana alifundisha mafundisho ya komunyo ya kwanza, na hakukubali mtu ajifunze mikono mitupu. Unajibu swali la katekisimu huku unachagua mchele. Ukikosea jibu hakusema kitu. Ukiacha jiwe kwenye mchele ndipo ulipoyasikia. Alisema Mungu atasamehe asiyejua sakramenti ni ngapi, ila hawezi kumsaidia mtu aliyevunjika jino.

Karibu nusu ya watoto waliokuja kwake walikuwa Waislamu, na hao aliwakalia kooni kuliko wetu. Saa ya chuo cha Kurani ikifika aliwanawisha miguu, akawafunga vilemba na kuwavika kofia, akawapeleka mpaka kwenye uzio wa mwalimu, na mwalimu akimwambia fulani jana alichelewa, fulani atajuta. Mwezi wa Ramadhani alihamishia jiko letu nyuma ya nyumba ili wakubwa waliofunga wasinuse, nasi tulikula mchana tumejibanza kama wezi. Jioni aliwapikia magimbi ya futari. Nilimwuliza kama sisi tukifunga Kwaresima kuna mtu anayetuhamishia jiko. Akaniambia nifunge kwanza ndipo niulize.

Padri mmoja mgeni, kijana mwenye juhudi, alifika uani, akaona lile kundi, akafurahi. Akamwuliza Bibi katika watoto wale ni wangapi wanaosali.

"Wanasali wote, Padri."

"Wote! Na wanasali wapi?"

"Kwa mama zao," Bibi alisema, akamkaribisha kiti.

Mtu wa namna hiyo ungedhani ana moyo mweupe kwa kila mtu. Hana. Jirani yetu wa chini, mama mmoja mpole tu, kuku wake waliwahi kuingia kwenye kitalu cha mchicha cha Bibi, na tangu wakati ule Bibi alimsalimia kwa kumtazama bega. Watoto wa jirani huyo aliwalea, akawaogesha, akawapa chakula kabla yangu. Ila mama yao, Bibi hakumsamehe. Aliwafundisha watoto sala ya kusamehe waliotukosea, sauti ikiwa inapanda makusudi ili ivuke uzio, na sijajua mpaka leo kama alikuwa anamsamehe au anamkumbusha.

Halafu alikuwa mwongo. Sisemi kwa kumvunjia heshima, yeye mwenyewe alikuwa anaungama. Kina mama wakirudi jioni, wamechoka, migongo imelowa jasho, swali lao la kwanza lilikuwa moja: "Alilia?" Na Bibi, mbele ya mtoto mwenye macho yaliyovimba na sauti iliyokauka, alijibu, "Hajalia hata kidogo." Nilikuwa nasimama pale nimeachama. Mimi nikidanganya kwamba nimeosha vyombo nilichapwa. Mwisho wa mwezi alishuka kuungama uongo huo, na Mama Mdogo anasema padri mzee aliyekuwepo zamani alichoka naye, akamwuliza kwa nini asiache. Bibi akamjibu kwamba akiiacha dhambi hiyo, yule mama kesho atabaki nyumbani na watoto watalala njaa, kwa hiyo ampe tu kitubio chake aende.

Sasa nifike kwenye gauni, maana hilo ndilo lililonikaa kooni kuliko yote.

Mwaka wangu wa komunyo ya kwanza mama alinitumia gauni kutoka Gairo. Jeupe, lina mikono ya kuvimba, lina utepe wa kufunga kiunoni na kitambaa cha kichwani cha wavu. Lilikuja ndani ya gunia la karanga ili lisichafuke njiani, kwa hiyo lilinukia karanga, na nililala nimelikumbatia. Naomba ueleweke uzito wake. Mama hakuwa amekuja Pasaka ile. Gauni ndilo lililokuja.

Katika darasa la Bibi alikuwepo msichana wa ng'ambo ya mto, mama yake alikuwa mgonjwa, na hakuwa na nguo yoyote nyeupe. Usiku wa kuamkia siku yenyewe Bibi hakuniambia kitu. Asubuhi niliamka nikamkuta yule msichana uani amesimama juu ya kigoda, amevaa gauni langu, Bibi anamfunga utepe.

"Bibi, hilo langu!"

"Lako. Nani kasema si lako? Mwenzako hana."

"Na mimi nitavaa nini?"

"Wewe utapokea mwakani. Wewe wa hapa. Na Yesu hahami, mwakani utamkuta."

Nililia njia nzima mpaka kanisani. Nilikaa kwenye benchi la nyuma na wanawake wenye watoto wachanga, nikaliona gauni langu linatembea kwenda altareni. Mama alipopata habari alipanda mlima kutoka Gairo, safari aliyoshindwa kuifanya Pasaka, wakagombana yeye na Bibi uani mbele ya watu. "Mwanangu umemfanya yatima na mimi niko hai!" mama alisema. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Alisema, "Angekuwa yatima ningempa gauni." Mama akaondoka siku ileile. Mwaka uliofuata nilipokea komunyo na gauni linanibana kwapani, maana nilikuwa nimekua.

Mara nyingi nimesikia watu wakisema kwenye misa na kwenye vikao kwamba Bibi ametoa maisha yake kwa ajili ya watoto. Nawasikiliza. Hawasemi kwamba ukitoa kila kitu kuna mtu ndani ya nyumba anayeona vinavyotoka.

Nilipokua nikashuka mjini, nikajifunza ushonaji, nikapata chumba Mafiga na baadaye vyumba, nikaolewa, nikazaa binti mmoja. Nilikuwa na nia moja ambayo sikumwambia mtu: nimlete Bibi kwangu, nimkalishe, nimpakulie, na siku moja, hata kwa bahati mbaya, anitangulize mimi. Sikutaka shukrani. Nilitaka mara moja tu mbele ya watu, sahani ya kwanza, aninyooshee mimi.

Alikataa kwa miaka. "Watoto nimwachie nani?" Hatimaye kikohozi kikamshusha. Nilimtandikia kitanda chenye godoro jipya na chandarua. Siku za mwanzo alikaa kwenye kibaraza akitazama watu wa Mafiga wanavyopita bila kusalimiana, akasikitika. Kisha mama mmoja wa jirani, muuza vitumbua, akasimama kumsalimia akiwa na mtoto mgongoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi na huyo mgongoni, na mafuta ya moto hayo? Niachie."

Yule mama akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Bibi alikuwa ameshanyoosha mikono.

Nisiseme mengi. Kabla juma halijaisha, chumba changu cha cherehani kilikuwa na watoto wa mtaa mzima. Mmoja alitafuna utepe wangu wa kupimia. Vitambaa vya wateja nikavipandisha juu ya kabati. Na kwenye kamba ya kuanikia nguo, mjini Mafiga, zikaning'inia kanga zisizofuliwa, wapangaji wenzangu wakaanza kuniuliza kama maji yamekatika upande wangu tu.

Mchana mmoja nimetoka kupima nguo za sare nikakuta chakula kimeiva, Bibi amekaa kwenye kigoda, anapakua. Mtoto wa muuza vitumbua, wa kwanza. Wa fundi baiskeli, wa pili. Wakaendelea. Binti yangu, chakula ni cha kwao, sufuria ni ya kwao, amekaa pembeni na sahani tupu magotini.

"Subiri, mama," Bibi alimwambia kwa upole. "Wewe wa hapa."

Damu ikanichemka. Nilisema kila kitu siku ile. Nilisema gauni, nilisema maji yaliyopoa, nilisema pipi. Nilimwambia, "Bibi, mimi nimekula mwisho kwako maisha yangu yote, mtoto wangu hatakula mwisho nyumbani kwangu!" Watoto wa watu waliacha kutafuna. Bibi alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, mwiko ukiwa mkononi.

"Ulilala njaa siku gani?" akauliza.

Nikafikiri. Nilitaka sana kuipata siku hiyo. Sikuipata, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Siyo njaa, Bibi. Nilitaka unitangulize. Hata mara moja."

Akanitazama kwa ule mshangao wake. Nadhani alitafuta kwa nia njema jambo ninalolitaka na hakuliona lilipo. Akampakulia binti yangu, kisha akairudisha sufuria kwenye makaa. Siku mbili baadaye akaomba arudishwe kwake, akisema kikohozi kimekwisha. Alikuwa anakohoa alipokuwa anayasema hayo.

Mwaka huu, mvua za vuli zilipokatika, Mama Mdogo alinipigia simu. "Bibi yako maneno yanampotea," alisema. "Njoo kabla hayajakwisha." Nilifunga cherehani, nikapanda gari hadi Mkuyuni, bodaboda ikanifikisha inapoweza kufika, iliyobaki nikaimaliza kwa miguu. Nilikuwa na sukari, sabuni na dawa ya kuchua magoti. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia, makali na matamu yamechanganyika.

Uani palikuwa kimya. Siku hizi kuna darasa la chekechea huko chini, na kina mama wanaogopa kumwachia watoto tangu alipomsahau mmoja kwenye shamba la migomba. Kamba bado ipo nyuma ya nyumba. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, rozari mkononi, amekuwa mdogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akanikazia macho, uso wote ukamng'aa. "Karibu, karibu! Umetoka mbali? Mama yako ameshashuka sokoni?"

Mama Mdogo alikuwa mlangoni. Akanitazama, akainamisha kichwa.

"Bibi, ni mimi," nikasema. Nikataja jina langu. Akaitikia kwa adabu, kama unavyoitikia jina la mtu usiyemjua. Akanishika mkono, akaupapasa. "Usilie," akaniambia, na nilikuwa silii bado. "Mama yako atarudi jioni. Hapa hakuna anayelala njaa."

Mama Mdogo alikuwa amepika wali wa nazi kwa ajili yangu. Bibi akaomba sufuria isogezwe, akaomba mwiko. Mikono ilimtetemeka lakini kazi iliikumbuka. Watoto wawili wa jirani wa chini, wajukuu wa yule wa kuku, walikuwa wameshafika wamechuchumaa, maana harufu ya nazi inasafiri. Bibi akapakua sahani ya kwanza, akaijaza, akatafuta finyango kubwa la samaki akaliweka juu. Akainyoosha mbele ya wote.

"Mpeni huyu kwanza," alisema. "Mgeni huyu. Ametoka mbali."

Sahani ilikuwa hewani baina yetu. Hiyo hapo niliyoitaka tangu sijaota meno ya utu uzima, na mkono ulikuwa mzito kuipokea.

"Bibi, wape watoto," nikasema. "Mimi wa hapa."

Akacheka kwa upole, kile kicheko alichowawekea watoto wa watu, ambacho sikuwahi kuchekewa mimi. "Usione haya, mwanangu. Kula."

Nikaipokea, nikaiweka chini. Hasira ilinipanda, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Nikaenda zangu jikoni, nikachuchumaa mahali pangu pa zamani pembeni ya mafiga. Bibi alikuwa amemaliza kupakua, na Mama Mdogo akairudisha sufuria juu ya makaa, akaifunika, bila kuambiwa. Nilingoja mpaka nikasikia ukoko unalia na kuachia. Nikainua mfuniko, nikatia vidole.

"Wee!" Bibi aliita kutoka mkekani, kwa sauti ile ya mfenesi, yenye nguvu zake zote. "Acha huo! Huo una mwenyewe!"

Nikageuka. Alikuwa amejiinua kwa mkono mmoja.

"Ni wa mjukuu wangu," alisema. "Yupo mjini, ni fundi. Mkali huyo, akirudi akakuta umeliwa atanuna mpaka kesho. Ufunike."

"Kila siku anakuwekea," Mama Mdogo alisema taratibu. "Jioni nawapa kuku akishalala."

"Atakuja lini, Bibi?" nikamwuliza.

"Nani, yeye?" Akanishangaa. "Haji huyo, wanaokuja ni wageni. Wa hapa."

Nikaurudisha mfuniko. Nikarudi mkekani, nikakaa na wale watoto wawili, nikala sahani ya mgeni mpaka ikaisha, naye ananitazama kuhakikisha. Jua lilipoanza kulala nikaaga, ili niiwahi bodaboda. Akanifungia ndizi mbivu za njiani.

"Asante, Bibi."

"Karibu tena, mwanangu," alisema. "Na uwasalimie kwenu."